Habib Saleh: Mgeni kutoka Ngazija aliyewafungulia watumwa mlango wa elimu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Katika safu yetu ya Ijumaa ya leo tumekusudia kueleza maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake linatajwa katika mwambao wote wa Afrika Mashariki, lakini kazi yake haifahamiki sana kwa vijana wetu. Naye ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalullayl, maarufu kwa jina la Habib Saleh, mwasisi na mkuu wa chuo cha Riyadha cha Lamu, aliyefariki dunia mwaka 1935. Wengi wetu humkumbuka kila yanaposomwa maulidi kwa matwari. Leo tungependa akumbukwe kwa jambo jingine. Alikuwa mgeni katika mji usiokuwa wa wazee wake, akaanzisha chuo, kisha akawaingiza humo watu ambao mji huo ulikuwa umewafungia mlango wa elimu.

Huenda msomaji wetu wa Kyela, Ipinda au Matema akauliza: Lamu na sisi wapi na wapi? Jibu limo katika historia ya ziwa letu.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilifika katika ufuo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ikitafuta pembe za ndovu na watu. Ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi ya Wangonde ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa asili na kwa lugha, mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Mlozi alijenga ngome yake Mpata, karibu na Karonga. Mwezi Oktoba mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde waliokuwa wamekimbilia katika matete ya Kambwe, wakawaua wengi na kuwachukua wengine mateka. Mlozi mwenyewe alikamatwa na Waingereza na kunyongwa mwezi Desemba mwaka 1895.

Waliotekwa kandokando ya Nyasa walipelekwa pwani, wengi wao kupitia Kilwa, na kutoka hapo wakauzwa Unguja, Pemba na katika mashamba ya pwani ya Kenya. Huko waliitwa Wanyasa, kwa jina la ziwa walikotolewa. Hivyo tunapozungumzia watumwa wa pwani ya kaskazini pamoja na wajukuu wao, tunazungumzia pia watu ambao huenda bibi zao walichota maji katika ziwa hili hili.

Yatupasa tuseme kweli hata kama ni chungu. Kwa wakazi wengi wa ufuo huu, habari za kwanza za watu wa pwani zilikuwa habari za bunduki na minyororo. Wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Unyakyusa mwaka 1891, na kumbukumbu waliyoiacha ni ya shule. Basi si ajabu kwamba katika fikra za baadhi ya majirani zetu jina la Uislamu lilichanganyika na biashara ya watumwa, ingawa dini haina dhambi kwa matendo ya waliolibeba jina lake. Lakini ni katika miaka ile ile, miaka ya Mlozi, ambapo Muislamu mwingine wa pwani alikuwa amekaa chini pamoja na watumwa na watoto wao, akiwasomesha Qur'ani. Huyo ndiye Habib Saleh, na ndiyo maana habari zake zinatuhusu.

Nasaba yake na kuhamia kwake Lamu

Habib Saleh alizaliwa Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo wake wa Jamalullayl ni miongoni mwa koo za masharifu wa Alawiyyin, ambao asili yao ni Hadhramaut na ambao nasaba yao inarejea kwa Mtume (S.A.W.) kupitia kwa Bibi Fatma na Sayyidna Ali (R.A.).

Angali kijana alihamia Lamu, ambako ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah, alikuwa amekwisha kufanya makazi. Safari ya namna hiyo haikuwa jambo la ajabu zama hizo. Majahazi yaliyokwenda na pepo za kaskazi na kusi yaliunganisha Komoro, Unguja, Mombasa, Lamu, Barawa na Hadhramaut, na pamoja na bidhaa yalisafirisha wanafunzi, vitabu na barua za wanavyuoni. Lamu yenyewe ilikuwa na maulamaa wakubwa. Miongoni mwa waliomsomesha kijana huyu ni Sayyid Abu Bakr bin Abdurrahman, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mwenye Mansab, ambaye alifariki mwaka 1922.

Kwa hiyo Habib Saleh alifika Lamu akiwa mgeni kwa kuzaliwa, lakini hakuwa mgeni asiye na wake. Alikuwa na ami, alikuwa na walimu, na juu ya yote alikuwa na usharifu, jambo ambalo peke yake lilitosha kumfungulia nyumba yoyote ya heshima. Hili tulishike vyema, kwani bila ya kulifahamu hatuwezi kuupima uzito wa njia aliyoichagua.

Mji aliouhamia

Lamu ya wakati ule ilikuwa mji wenye sehemu mbili. Upande wa kaskazini ni Mkomani, mtaa wa waungwana, wenye nyumba za mawe za ghorofa na milango ya nakshi. Upande wa kusini ni Langoni, walikokaa wageni na watu wa chini katika nyumba za udongo na makuti. Mashamba yaliyolisha utajiri wa mji yalikuwa bara, ng'ambo ya maji, na yalilimwa na watumwa.

Mgawanyiko huo haukuishia katika nyumba na mashamba. Elimu ya dini nayo ilikuwa imegawanywa. Watoto wa waungwana walisomeshwa fikihi, lugha ya Kiarabu na tafsiri ya Qur'ani, na elimu hiyo ikarithishwa kama zilivyorithishwa nyumba. Mtumwa aghalabu alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali, na wengine hata hicho hawakukipata. Mkwezi wa minazi, hamali wa gatini na mvuvi hawakutazamiwa kukaa katika darsa la tafsiri.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Katika mji ule elimu ilikuwa hoja ya ubwana. Bwana alijitofautisha na mtumwa kwa kusema kwamba yeye anaijua dini na yule haijui. Mtumwa akijifunza, akaweza kusoma, kufasiri na kuswalisha, hoja hiyo huanguka. Kwa ajili hiyo wasiojua waliachwa katika ujinga, kisha wakalaumiwa kwa ujinga huo huo.

Darsa la Langoni

Lau angetaka, Sayyid Saleh angeishi kwa raha Mkomani, akiheshimiwa barazani na kubusiwa mkono njiani. Yeye akachagua Langoni. Alianza kuwasomesha wale ambao hawakuwa na pa kusomea: watumwa, walioachwa huru, wakwezi, wavuvi na wageni maskini kutoka Komoro na kwingineko. Aliwasomesha Qur'ani na fikihi, tena akawafungulia hata tafsiri, elimu ambayo wengine waliiona kuwa ni ya watu maalumu.

Wako waliochukizwa. Kwao ilikuwa ni fedheha kwa sharifu kukaa mkeka mmoja na watumwa, na ilikuwa ni hatari kuwapa watumwa hao elimu. Wasimulizi wa Lamu wanaeleza kwamba jambo hili lilileta mfarakano baina yake na baadhi ya wakubwa wa mji. Pamoja na hayo, hakulirudisha darsa lake nyuma.

Ndugu wasomaji, tunapoyatafakari haya tunakumbuka sababu ya kuteremshwa kwa sura ya Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akiwa na matumaini kwamba wakisilimu watu wengi watawafuata. Akaja Ibn Umm Maktum (R.A.), mtu kipofu na asiye na cheo, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso na kuendelea na wale wakubwa. Wahyi ukateremka kumzindua kwamba aliyekuja mbio akiwa na hofu ya Mola wake ndiye mwenye haki zaidi ya kusikilizwa. Funzo la sura hii liko wazi: haki ya kufundishwa inatokana na hamu ya mwenye kutaka kujifunza, na cheo hakina nafasi hapo. Habib Saleh alilitekeleza funzo hili katika mji ambao kila mtu alikuwa akiisoma sura hiyo, lakini wachache walikuwa wakiifanyia kazi.

Kujengwa kwa Riyadha

Darsa lililoanza kwa udogo lilikua mpaka likahitaji mahali pake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kulisimama upande wa Langoni msikiti pamoja na chuo, vikaitwa Riyadha, jina lenye maana ya mabustani. Jina hilo lilifuata lile la msikiti wa Seiyun, Hadhramaut, wa mwanachuoni mashuhuri Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Habib Saleh alikuwa na uhusiano naye wa karibu wa kielimu na kiroho kwa njia ya barua, na kutoka kwake ndiyo yakaja Lamu maulidi tunayoyaita ya Habshi, ambayo kwa jina la kitabu chake ni Simtud Durar.

Hapa pana jambo la hekima ambalo walimu wetu wa leo wangefaa walizingatie. Habib Saleh alifahamu kwamba mtu mzima aliyelima shambani tangu utoto hawezi kuanza na kitabu cha nahau. Watu wa Langoni walikuwa na ngoma zao na nyimbo zao, na humo ndimo furaha yao ilimokuwa. Badala ya kuwafukuza kwa sababu ya ngoma, aliwakaribia, akaiingiza qasida mahali pa wimbo na twari mahali pa ngoma. Aliyekuja kwa ajili ya qasida akabaki kwa ajili ya darsa. Kwa njia hiyo watu ambao hawakuwahi kuwa na nafasi katika sherehe yoyote ya dini walijikuta wao ndio wasomaji na wapigaji wa matwari mbele ya mji mzima.

Tunatambua kwamba maulamaa wamehitilafiana katika suala la matwari msikitini, na hata katika suala la maulidi yenyewe. Walikuwapo waliompinga Habib Saleh kwa hoja za kifikihi, na wapo hadi leo wenye rai hiyo, nao tunawaheshimu. Safu hii haikukusudia kuhukumu baina yao. Tunachosema ni kwamba hata yule asiyeikubali njia ya qasida hawezi kukana matokeo ya darsa: watu waliokuwa hawajui wakajua.

Chuo chenyewe kilifundisha elimu zilizozoeleka katika madhehebu ya Imam Shafi: Qur'ani, fikihi, nahau, hadithi, tafsiri na tasawwuf. Maandishi ya mkono yaliyokusanyika Riyadha kwa miaka mingi bado yapo, na katika karne hii yamepigwa picha na kuhifadhiwa kwa njia ya kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Anayedhani kwamba masikini walipewa elimu hafifu na ayatazame maandishi hayo.

Alichokifanya na asichokifanya

Si uadilifu kumpamba mtu kwa asiyoyafanya. Habib Saleh hakuongoza uasi wa watumwa wala hakuandika waraka wa kutaka utumwa ukomeshwe. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907 kwa amri ya serikali ya Waingereza, na wakati huo darsa za Langoni zilikuwa zimekwisha kuendelea kwa miaka. Wala usharifu haukupoteza heshima yake Riyadha, kwani uongozi wa chuo ulibaki katika ukoo wake.

Lakini hebu tuangalie sheria ya mwaka 1907 ilimpa nini aliyekuwa mtumwa. Ilimwondolea jina la utumwa katika karatasi za serikali. Haikumpa shamba, haikumpa ukoo, wala haikumwondolea dharau barabarani. Mtu huyo alitoka katika nyumba ya bwana wake akiwa huru na hana pa kwenda. Riyadha ilimpa pa kwenda. Alipata mwalimu anayelijua jina lake, safu ya kusimama katika sala, kazi ya kufanya wakati wa maulidi, na mtoto wake akapata nafasi ya kuwa mwalimu wa watoto wa wengine. Sheria ilivunja mnyororo wa mguuni, na chuo kikashughulikia ule uliobaki katika nafsi ya aliyedharauliwa na katika macho ya aliyemdharau.

Kufariki kwake na urithi aliouacha

Habib Saleh alifariki mwaka 1935, sawa na mwaka 1354 Hijria, akazikwa Lamu. Kazi iliendelezwa na wanawe, miongoni mwao Sayyid Ahmad Badawi, na baada yao wajukuu. Wanafunzi wakaendelea kumiminika Riyadha kutoka pwani ya Kenya, Tanganyika, Unguja, Komoro, Somalia na bara, na waliporejea makwao wengi walifungua madrasa zao. Kila mwaka katika mfungo sita watu husafiri kutoka nchi mbalimbali kwenda Lamu kwa ajili ya maulidi ya Riyadha na kulizuru kaburi lake.

Wataalamu wa vyuo vikuu nao wamemwandika. Mwaka 1959 Peter Lienhardt alichapisha utafiti wake juu ya chuo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1974 kilitoka kitabu cha Mmisri Abdul Hamid el-Zein juu ya dini na tabaka za watu wa Lamu. Wote wawili walivutiwa na jambo moja: namna chuo cha mgeni katika mtaa wa masikini kilivyokuja kuwa kitovu cha mji.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tuutazame mlango wa madrasa zetu. Leo hakuna mtumwa anayezuiwa, lakini je, hakuna mtoto anayebaki nje? Huku Kyela yupo mtoto ambaye mzazi wake hupata fedha unapovunwa mpunga au inapouzwa kakao, na miezi mingine hana kitu. Akidaiwa ada kila wiki mbele ya wenzake, hatarudi. Yupo mtoto wa mvuvi anayelala ufuoni. Yupo mtoto wa aliyesilimu juzi, ambaye hajui hata alifu na anachekwa na wadogo zake. Yupo mtoto mwenye ulemavu aliyefichwa nyumbani, ilhali sura ya Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu. Yupo binti anayeachishwa chuo mapema ili asaidie kazi za nyumbani, huku kaka yake akiendelea. Kila mmoja wa hawa ana Mkomani yake inayomfungia mlango.

Kamati za misikiti zinaweza kufanya mambo mepesi. Ada ilipwe kwa msimu wa mavuno badala ya wiki. Watakaoshindwa walipiwe kimyakimya na wenye uwezo, bila ya kutajwa majina. Vipindi vipangwe kwa kuzingatia siku za kupanda na kuvuna, ili mtoto asifukuzwe kwa sababu ya kumsaidia mzazi wake shambani.

Pili, tuwaheshimu walimu wageni. Walimu wengi wa madrasa za mikoa ya kusini wametoka kwingine, kama Habib Saleh alivyotoka Ngazija. Mwalimu mgeni naye ajifunze kutoka kwake. Asikae na wenye nafasi tu na kuwaona wengine kuwa ni washamba. Ajifunze lugha ya wenyeji, ajue furaha zao na misiba yao, na aanze nao pale walipo.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, tukumbuke kumbukumbu ya ziwa hili. Tunaishi pamoja na majirani ambao wengi wao si Waislamu, na ambao mababu zao waliijua pwani kwa machungu. Historia ya Mlozi hatuwezi kuifuta, wala haifai kuificha. Tunaweza, hata hivyo, kuonyesha kwa vitendo ni njia ipi kati ya mbili tunayoifuata. Pale ambapo madrasa inampokea mtoto wa masikini bila ya kumuuliza ukoo wake, na pale ambapo Muislamu mwenye uwezo anamsaidia mtoto wa jirani kubaki shuleni, hapo jina la Uislamu linaandikwa upya katika ufuo huu.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba ametuumba mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni mwenye kumcha zaidi. Tunamuomba amrehemu Sayyid Saleh bin Alawi, awarehemu wote waliochukuliwa kutoka ukingoni mwa ziwa hili wakafia mbali na kwao, na atujaalie sisi kuwa wenye kufungua milango. Amin.

Wabillahi tawfiq.